Aliyepanga maandamano ya Washington 1963 alipita Dar es Salaam. Kwa nini hatumjui?

MtiMkavu #1

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Agosti watu wanarushiana tena ile hotuba ya Martin Luther King ya ndoto. Hotuba nzuri, sina ugomvi nayo. Swali langu: nani aliwaleta watu robo milioni pale kwenye mnara wa Lincoln, siku ya Jumatano, wakafika asubuhi na jua halijazama wakawa wameshaanza safari ya kurudi makwao, bila fujo? Serikali ilishaweka wanajeshi tayari, baa zilikatazwa kuuza pombe, wakubwa walikuwa na hakika damu itamwagika.

Aliyefanya kazi hiyo ni Bayard Rustin. Kazaliwa 1912 West Chester, Pennsylvania, kafariki 1987 New York. Alipewa chini ya miezi miwili kuandaa kila kitu. Na lililonifanya nifungue uzi huu ni hili: mwanzoni mwa 1962 huyu bwana alikuwa Dar es Salaam, akipanga na Waziri Mkuu Nyerere na Kenneth Kaunda maandamano ya kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) bila silaha.

Historia nimeisoma mpaka chuo. Jina hili sikuwahi kulisikia darasani. Alikuwa shoga na hakujificha, enzi ambazo kule kwao ilikuwa jela. Dai langu ni kwamba hilo tu ndilo lililomfuta. Anayepinga aje na hoja.

Fundi Saa #2

Naweka mkeka hapa, wenye maktaba zao waje.

Kidagaa_Kimewaozea #3

Mnaanza taratibu kwa historia, kesho mtatuambia tusherehekee. Mambo yao wabaki nayo huko huko.

Bibi Shangazi #4

#3 hakuna aliyekuambia usherehekee. Mtu kauliza nani aliandaa maandamano. Kama hujui, kaa kando na Fundi Saa, mkeka mpana.

NgomaYaMbeya #5

Mleta mada, sahihisho dogo. Mwanzoni mwa 1962 Nyerere hakuwa Waziri Mkuu. Alijiuzulu tarehe 22 Januari, wiki sita tu baada ya uhuru, akaenda kukijenga chama mikoani. Waziri Mkuu akawa Rashidi Kawawa. Nyerere alirudi serikalini kama Rais Desemba mwaka huo huo. Kwa hiyo Rustin alikutana na Nyerere kiongozi wa TANU. Na hilo lina maana yake: Kawawa alitoka kwenye vyama vya wafanyakazi, na Rustin naye mlezi wake wa kisiasa alikuwa A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala. Watu wa aina moja.

Habari yenyewe ni ya kweli. Kulikuwa na kundi linaitwa World Peace Brigade, lilianzishwa Lebanon katika mji wa Brummana mwishoni mwa 1961. Wakaja Dar watatu: Rustin, Bill Sutherland, ambaye ni Mmarekani mweusi aliyekuwa ameshaishi Ghana, na padri Mwingereza Michael Scott, yule aliyewasemea Waherero wa Namibia pale Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo walikwenda Addis Ababa kwenye mkutano wa PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati, wa Februari 1962. Mandela alikuwa kwenye mkutano huo huo, ametoroka Afrika Kusini, anatafuta msaada wa vita vya silaha. Hebu fikiria: ukumbi mmoja, huyu anatafuta bunduki, yule anahubiri kwamba mpaka unavukwa kwa miguu na mikono mitupu.

Fundi Saa #6

Kumbe uzi una nyama. Hayo maandamano yalivuka?

NgomaYaMbeya #7

Hayakuvuka. Mpango ulikuwa hivi: Kaunda akiitisha mgomo wa nchi nzima, watu wakusanyike upande wetu wa mpaka na kuingia kwa maelfu, Waingereza na Welensky, Waziri Mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, waone dunia nzima inawatazama. Mkutano wa hadhara ulifanyika Mbeya. Halafu Uingereza ikalegeza katiba, UNIP, chama cha Kaunda, ikaona njia ya uchaguzi inafunguka, mgomo haukuitishwa. Uchaguzi ukaja Oktoba 1962, uhuru 24 Oktoba 1964. Rustin alikuwa ameshaondoka. Aliyebaki ni Sutherland, aliishi Dar miaka mingi sana.

Ndugu_wa_Lushi #8

Jambo wote. Niongeze kitu toka huku kwetu Lubumbashi. Musisahau mwaka ule Katanga, jimbo letu, ilikuwa imejitenga na Kongo chini ya Tshombe, na Welensky alikuwa rafiki yake. Magharibi kule Angola walikuwa Wareno, kusini ilikuwa Salisbury (Harare ya leo), makao ya Welensky. Kaunda akitaka mlango wa kaskazini, mlango ulikuwa mumoja tu, ule wa Tanganyika. Ndiyo maana hao watu walikaa Dar, si sababu ya bahari.

Kigogo wa Rafu #9

Turudi kwenye dai la #1. Mimi nalipinga.

Rustin alikuwa na madoa matatu mbele ya wakubwa wa Marekani, na ushoga ulikuwa moja tu. La kwanza, aliwahi kuwa mwanachama wa umoja wa vijana wa Kikomunisti kuanzia miaka ya 1930 hadi 1941. Katika Marekani ya vita baridi hilo peke yake lilitosha kukuzika. La pili, alikataa kwenda vitani. Alilelewa na bibi yake aliyekuwa na mizizi ya Waquaker, imani isiyokubali kuua, akafungwa 1944 hadi 1946. Wakati weusi wengine wanaonyesha majeraha ya vita kudai haki, yeye anaonekana mkwepaji. La tatu ni hilo la mleta mada.

Seneta Strom Thurmond aliposimama Agosti 1963 kumchafua, alimwaga yote matatu kwa pamoja: mkomunisti, mkwepaji wa jeshi, shoga. Huwezi kuchomoa moja ukasema ndilo lenyewe.

MtiMkavu #10

Kigogo, nakupinga kwa tarehe. Ukomunisti na jela ya vita vilijulikana tangu zamani, na bado shirika la wapenda amani la FOR lilimwajiri na kumtuma huku na huko. Walimfukuza lini? Januari 1953, baada ya kukamatwa Pasadena, California, ndani ya gari na wanaume wawili. Siku sitini jela, kazi imekwisha. A. J. Muste, mkuu wa FOR aliyekuwa kama baba kwake, akamtoa nje. Na 1960 mbunge wa Harlem, Adam Clayton Powell, alipotaka King aache kuandamana kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, alitishia kumzushia nini? Si ukomunisti. Alitishia kusema King na Rustin ni wapenzi. Uongo mtupu, lakini King akanywea, Rustin akajiuzulu, na King akamwacha aende.

Bibi Shangazi #11

Hapo kwa King huwa panauma. Mtu kaja Montgomery 1956, kakuta nyumba ya mchungaji ina bastola na walinzi wenye silaha, kakaa naye usiku kumweleza kwamba kama unahubiri kutopiga, huwezi kulala na bunduki. King alikuwa na miaka 27. Akamwandikia hadi makala iliyotoka kwa jina la King. Wazo la kuunganisha makanisa ya kusini liwe jumuiya moja, ile SCLC ya 1957, Rustin ni mmoja wa walioliandika kwenye karatasi. Halafu vitisho vya mwanasiasa mmoja vinatosha kumtosa.

Kidagaa_Kimewaozea #12

King alikuwa na harakati ya watu mamilioni ya kulinda. Wewe ungefanyaje?

Bibi Shangazi #13

Randolph alikuwa na harakati hiyo hiyo na hakumtosa. 1963 Roy Wilkins wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za weusi, alikataa katakata Rustin kuwa kiongozi wa maandamano. Randolph akasema sawa, kiongozi ni mimi, na mwenye haki ya kuchagua naibu ni mimi: namchagua Rustin. Thurmond alipomshambulia, Randolph akaita waandishi akamtetea hadharani. Safari hii na wengine wakabaki kimya au wakasimama naye, King akiwemo. Kwa hiyo jibu la "ungefanyaje" lipo, Kidagaa.

Mzalendo_wa_Mtwapa #14

Habari zenu. Mimi wa Kenya, huwa nasoma tu lakini hapa nimeshindwa kunyamaza.

Nyote mnatafuta nani alimfuta. Kwani waandaaji huwa wanajulikana? Nimekaa kwenye kamati za harusi na matanga maisha yangu yote. Mpishi akitoka jasho tangu alfajiri, anayekumbukwa ni bwana harusi. Randolph mwenyewe, ambaye hakuwa shoga wala mkomunisti, nani anamjua hapa? Mwaka 1941 alimtisha Rais Roosevelt kwa maandamano mpaka akatoa amri ya kuzuia ubaguzi kwenye viwanda vya silaha. Haya, nyoosheni mikono mliomsoma shule.

Fundi Saa #15

Mkono wangu uko chini.

Kigogo wa Rafu #16

#14 ana hoja, ila Rustin hakuwa mpishi tu. Tazama alivyofanya kazi. Ofisi ipo Harlem, mtaa wa 130 magharibi. Vijana wanapokea simu mchana na usiku. Binti mmoja, Rachelle Horowitz, kapewa usafiri wote, naye hata gari hajui kuendesha. Mabasi yaliyokodiwa yakapita 2,000, na treni maalumu zaidi ya 20. Kikatoka kijitabu cha maelekezo: njoo na nini, usije na nini, choo kiko wapi, ukipotea nenda wapi. Mikate wasiweke mayonezi, Agosti ina joto, itaharibika na watu wataumwa matumbo mbele ya kamera za dunia. Kanisani kwa Riverside kule New York watu wa kujitolea wakafunga maelfu kwa maelfu ya mikate ya jibini. Askari weusi wa New York waliokuwa nje ya zamu akawafundisha kulinda umati bila bastola wala rungu.

Vipaza sauti alidai vya bei mbaya. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wasiposikia ndipo fujo inapoanza. Usiku wa kuamkia siku yenyewe mtu akaviharibu, ikabidi mafundi wa jeshi waitwe kuvitengeneza. Bila Rustin kung'ang'ania vile vyombo, hiyo ndoto ya King ingeishia safu ya tatu.

Fundi Saa #17

Kumbe shujaa wa kweli ni fundi wa vipaza sauti. Sisi mafundi tunasahaulika sana nchi hii.

Kigogo wa Rafu #18

😂 Kuna kisa kingine. Asubuhi na mapema uwanja mtupu, waandishi wanamwuliza watu wako wapi. Akatoa karatasi mfukoni, akaitazama, akatazama saa yake, akasema mambo yote yanakwenda kwa ratiba. Walipoondoka wenzake wakachungulia. Karatasi haikuwa na kitu.

DadaZeituni #19

Naomba nipite na swali lisilopendwa. Mnaongelea aliyefutwa, na wanawake wa siku ile je? Kwenye kamati nzima mwanamke alikuwa mmoja, Anna Arnold Hedgeman. Hotuba kubwa hakupewa mwanamke hata mmoja. Daisy Bates alisema maneno machache tu. Pauli Murray, mwanasheria, alimwandikia Randolph kulalamika. Na Rustin wenu alikuwa ndiye mwenye ratiba mkononi.

MtiMkavu #20

Dada, hilo ni kweli, ila ratiba ilipitishwa na wakubwa, yeye alikuwa naibu.

DadaZeituni #21

Naibu akisifiwa kwa vyoo na mikate, alaumiwe na kwa ratiba. Hamuwezi kumpa sifa peke yake na lawama mkaziweka kwa kamati.

Bibi Shangazi #22

👏🏾 Endelea Zeituni.

Mjomba_wa_Philly #23

Wakuu, mimi naishi Pennsylvania, si mbali na huko West Chester alikozaliwa. Kuna sekondari ya serikali ina jina lake, ilifunguliwa 2006. Jina lilipopendekezwa 2002 palikuwa na mabishano makali kwenye bodi. Waliopinga walitaja jela ya kukataa jeshi, wakataja Ukomunisti, na wengine wakataja lile jambo kwa kuzungukazunguka. Kwa hiyo Kigogo na MtiMkavu, hata wenyeji wa mji wake hawakukubaliana tatizo ni lipi.

Kitu cha mtaani kwake ambacho wengi hawakijui: alikua akidhani Julia Rustin ni mama yake, kumbe ni bibi. Aliyedhani ni dada yake, Florence, ndiye mama mzazi. Alikuwa mchezaji mpira wa Kimarekani shuleni na mwimbaji wa sauti nyembamba ya kiume. 1940 aliimba Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, katika onyesho moja na Paul Robeson, mwimbaji mweusi maarufu. Na alizungumza kwa lafudhi ya Kiingereza cha mabwana wa London, ya kujitengenezea mwenyewe.

Pweza_Mkavu #24

Nyote mnakwepa tembo aliyesimama sebuleni... samahani, mnakwepa jambo lililo wazi. Rustin alijifuta mwenyewe baada ya 1964.

Baada ya maandamano alikuwa maarufu. Picha yake na Randolph ilikaa mbele ya jarida la Life Septemba 1963. Februari 1964 akaandaa mgomo wa wanafunzi New York kupinga shule za kibaguzi, watoto zaidi ya 400,000 hawakwenda shule. Huyo si mtu aliyefichwa! Kisha akaandika kwamba wakati wa kuandamana umepita, sasa tuingie kwenye siasa za vyama na kushikamana na vyama vya wafanyakazi. Vijana wa Black Power, waliotaka weusi wajitegemee kwa nguvu zao wenyewe, akawapinga. Vita vya Vietnam, yeye aliyefungwa kwa kukataa vita, akawa mpole mno ili asiudhi serikali ya Johnson, huku King anapaza sauti 1967. 1968 walimu wa New York walipogombana na wazazi weusi wa Brooklyn, akasimama na chama cha walimu. Israeli akaitetea mpaka mwisho.

Wanaoandika historia ya harakati ni wale vijana aliogombana nao. Unategemea wamsifu?

MtiMkavu #25

Pweza, basi mbona Wilkins, aliyekuwa mpole zaidi yake kwa serikali, yumo kwenye vitabu vyote?

Pweza_Mkavu #26

Wilkins alikuwa na NAACP nyuma yake. Rustin hakuwahi kuwa na chama cha watu. Taasisi aliyopewa 1965 ilikuwa ya jina la Randolph na fedha za vyama vya wafanyakazi. Ukifa bila chama, nani atakuwekea kumbukumbu kila mwaka?

Bibi Shangazi #27

Na kwa nini hakuwa na chama? Kwa sababu kila alipokaribia kiti cha mbele, mtu alitoa faili la Pasadena. Tunazunguka mle mle.

Mzalendo_wa_Mtwapa #28

Mjomba wangu alikuwa mwalimu hodari, chama cha walimu wilayani alikijenga yeye kwa baiskeli. Hakuoa. Maneno yakaanza. Hakuna aliyemshtaki kwa lolote, ila kila uchaguzi wa chama aliambiwa aendelee kuandika kumbukumbu za vikao, uenyekiti wapewe wenye familia. Sijui maisha yake yalikuwaje na sikumwuliza. Nasema tu kwamba kufutwa si lazima mtu aje na kalamu.

Kidagaa_Kimewaozea #29

Pole kwa mjomba. Ila swali langu bado: huyu Rustin mwenyewe alipigania ushoga, au mnamvisha nguo za leo?

Mjomba_wa_Philly #30

Swali zuri. Kwa miaka mingi hakulipigania hadharani. Hakukana alipoulizwa, basi. Miaka ya mwisho ndiyo alianza kusema. 1986 alitoa ushahidi kuunga mkono sheria ya jiji la New York ya kuzuia ubaguzi dhidi yao, na akasema kipimo cha haki za binadamu sasa ni wanavyotendewa mashoga, kama zamani kilivyokuwa weusi. Maneno hayo yaliwaudhi weusi wengi.

Mwenzi wake Walter Naegle alikutana naye 1977. Ndoa haikuwepo kisheria, kwa hiyo 1982 Rustin alimwasili, akawa mtoto wake kwenye makaratasi, mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini! Mama mzazi wa kijana ilibidi atie saini, na ofisa wa ustawi wa jamii akaja kukagua nyumba kama wanavyokagua anayeasili mtoto mchanga. Rustin alipofariki Agosti 1987, muda mfupi baada ya safari ya Haiti, Naegle ndiye aliyebaki na nyaraka. Obama alipotoa nishani ya juu ya raia 2013, Naegle ndiye aliyekwenda kuipokea.

Kigogo wa Rafu #31

Na California ikamfutia ile hukumu ya Pasadena Februari 2020. Miaka 67 baadaye.

Pweza_Mkavu #32

Nishani ya Obama, msamaha wa gavana, filamu ya 2023. Mtu huyu leo anakumbukwa *kwa sababu* alikuwa shoga. Mada imepinduka juu chini. Kinachosahaulika sasa ni ile bajeti ya uhuru ya 1966 aliyoandaa na Randolph, ya kuondoa umaskini kwa ajira za serikali. Hakuna anayeitaja kwa sababu inagusa mifuko ya watu. Hata maandamano yenyewe yaliitwa ya Ajira na Uhuru, na Rustin alipopanda jukwaani baada ya King alisoma madai, mojawapo mshahara wa chini wa dola 2 kwa saa. Ndoto imebaki, dola mbili zimesahaulika.

DadaZeituni #33

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Pweza. Naandika tarehe.

NgomaYaMbeya #34

Wakati mnagombania Marekani, nirudishe uzi nyumbani. Sisi je? Sisi hatukumfuta kwa ushoga, maana waliokuwa Dar 1962 sidhani kama walijishughulisha na habari hizo. Tumemfuta kwa sababu maandamano yale hayakutokea, na baadaye tulichagua njia ya bunduki. Kamati ya Ukombozi ya OAU ikaja Dar 1963, Frelimo, ANC, wote wakaweka kambi. Nani angesimulia kundi la wapenda amani waliokuja kufundisha watu kupigwa bila kurudisha?

MtiMkavu #35

Mbona Sutherland naye hatumjui, na yeye aliishi nasi hadi kwenye kongamano la sita la Pan-Afrika la 1974, na alisaidia kuliandaa?

NgomaYaMbeya #36

Ndiyo nasema. Sutherland hajulikani, padri Scott hajulikani. Hoja yako ya #1 haifiki huku kwetu.

Mhenga_wa_Tukuyu #37

Shikamooni wakubwa. Babu yangu alifanya kazi migodini kule Kitwe akarudi kabla ya uhuru wa Zambia. Alikuwa akisimulia mkutano wa Mbeya ambao watu walikwenda kwa malori, Kaunda akazungumza, watu wakaimba mpaka jioni wakingoja amri ya kuondoka kwenda mpakani, amri haikuja, wakarudi kulima. Kuhusu Wamarekani hakuwahi kutaja. Inawezekana ndio huu?

NgomaYaMbeya #38

Marahaba. Inawezekana sana. Babu yupo?

Mhenga_wa_Tukuyu #39

Ametangulia. Bibi yupo ila yeye anakumbuka bei ya unga ya mwaka ule tu.

Fundi Saa #40

Bibi ana kumbukumbu za maana kuliko sisi wote.

Kigogo wa Rafu #41

Mhenga, anayekaa Dar aende Nyaraka za Taifa pale Upanga akafungue magazeti ya Februari hadi Mei 1962. MtiMkavu, wewe uko Dar, mzigo wako huo.

MtiMkavu #42

Nitakwenda. Nianze na Tanganyika Standard?

NgomaYaMbeya #43

Standard ilikuwa ya walowezi, itakupa walichosema Waingereza. Anza na Ngurumo, halafu Uhuru. Na ukiona orodha ya wageni kwenye mkutano wa Mbeya, piga picha ukurasa mzima, usikate pembeni, huwa majina yanakaa chini kabisa.